Vita vya chipu, furaha ya nani?

Mnunuzi anayeingia jengo la Mutaasa Kafeero, katikati ya Kampala, hukutana na makabati ya kioo yaliyosheheni maboksi ya Tecno, Itel na Infinix. Maswali yake kwa muuzaji ni yale yale: betri inakaa siku ngapi, kamera ikoje, ina gigabaiti ngapi, na bei ya mwisho ni ipi. Ni nadra mtu kuuliza chipu. Lakini chipu ni sababu mojawapo inayofanya simu mbili za kampuni moja, zinazofanana kama mapacha, zitofautiane bei. Tecno Spark 20 inatumia Helio G85 ya MediaTek, kampuni ya Hsinchu, Taiwan. Spark Go 2024, ndugu yake wa bei nafuu, inatumia T606 ya Unisoc ya Shanghai. MediaTek na Unisoc wamemgombania mteja wa Afrika kwa miaka mingi, na ugomvi huo umechangia kuishusha simu janja hadi ikafika mfukoni mwa mwendesha bodaboda.

Fundi akizichunguza chipu hizo mbili atakuta jambo ambalo boksi halilitaji. Kila moja ina viini vinane: viwili vya aina ya Cortex-A75 na sita vya Cortex-A55, na vyote vimesanifiwa na Arm, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Chipu zote mbili zimechongwa kwa teknolojia ya nanomita 12 katika viwanda vya TSMC, Taiwan. Wapinzani wawili wanaogombea shilingi ileile wanamlipa msanifu mmoja na mchongaji mmoja. Ikiuzwa simu ya MediaTek, Arm na TSMC wanapata chao. Ikiuzwa ya Unisoc, wanapata chao vilevile.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwekezaji wa Kampala anayefuatilia habari za Nvidia, AMD na Intel angefaa kuanzia kwenye methali hiyo, kwa sababu swali ambalo kila mtu huuliza, "nani atashinda?", limewatia hasara watu wengi wenye akili timamu. Swali lenye manufaa zaidi ni jingine: nani analipwa na pande zote mbili? Ukiliuliza swali hilo kuhusu soko la hisa la Uganda, utagundua kwamba wananchi wameuziwa hisa za panzi wawili, na kunguru amebaki nje ya mlango.

Kwanza tuone jinsi swali la mshindi lilivyowaumiza wenye hisa za chipu. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilifuata mwaka 1969 chini ya Jerry Sanders. IBM ilipokuwa inatengeneza kompyuta yake ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja wa chipu, hivyo Intel ikalazimika kuipa AMD leseni ya kutengeneza chipu za aina yake. Tangu hapo kampuni hizo zikabanana sokoni na mahakamani. Mwaka 2009 Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 ili wamalize kesi zao, na kwa wakati ule ilionekana malipo hayo ni sadaka tu ya tajiri kwa jirani msumbufu.

Agosti 2000 hisa moja ya Intel ilifika karibu dola 75. Aliyeinunua wakati huo alikuwa ananunua jina lililobandikwa kwenye kompyuta za maofisi dunia nzima, kuanzia New York hadi wizara za Kampala. Mwaka 2025 ulikwisha bila bei hiyo kurudi. Robo karne nzima! Tarehe 2 Agosti 2024, baada ya Intel kutangaza kwamba inapunguza wafanyakazi zaidi ya 15,000 na kusitisha gawio, hisa yake ilianguka kwa asilimia 26 ndani ya siku moja. Desemba mwaka huo mkurugenzi mkuu, Pat Gelsinger, akaondoka. Agosti 2025 serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya kampuni kwa bei ya dola 20.47 kwa hisa, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingesikika kama ndoto ya mchana.

Upande wa pili, AMD ilikuwa imeshachimbiwa kaburi. Mwaka 2015 hisa yake iliuzwa chini ya dola 2. Lisa Su, aliyeshika uongozi Oktoba 2014, aliweka nguvu zote kwenye usanifu mpya ulioingia sokoni mwaka 2017 kwa jina la Ryzen. Machi 2024 hisa hiyo ilipita dola 200. Aliyechagua kwa kuangalia ukubwa mwaka 2015 alichagua Intel, na akakosea.

Kilichotokea kati ya miaka hiyo ndicho chenye funzo kwa mwenye pesa. AMD iliviacha viwanda vyake mwaka 2009, vikawa kampuni nyingine iitwayo GlobalFoundries, na kuanzia 2019 chipu zake kuu zikachongwa na TSMC kwa nanomita 7. Intel iling'ang'ania viwanda vyake yenyewe, na teknolojia yake ya nanomita 10 ikakwama kwa miaka. Kwa hiyo Intel haikushindwa na AMD peke yake. Ilishindwa na AMD iliyokuwa na TSMC nyuma yake. Na mwaka 2024 Intel nayo ilisalimu amri kwa kiasi fulani: viini vya chipu zake za kompyuta mpakato za familia ya Lunar Lake vilichongwa Taiwan.

Nvidia ni hivyo hivyo. Jensen Huang na wenzake wawili, Chris Malachowsky na Curtis Priem, waliianzisha mwaka 1993 ili kutengeneza chipu za picha za michezo ya kompyuta. Leo chipu zake ndizo zinazofundishia programu za akili mnemba, na Oktoba 2025 ikawa kampuni ya kwanza duniani kufikisha thamani ya dola trilioni 5 sokoni. Novemba 2024 ilichukua nafasi ya Intel katika faharisi ya Dow Jones. Lakini Nvidia haina kiwanda chake cha kuchonga chipu. Kazi hiyo hufanywa na TSMC, ileile inayoichongea AMD. Na mwenye hisa za Nvidia hajalala usingizi mnono kila usiku: tarehe 27 Januari 2025, habari za programu ya DeepSeek ya China, iliyosemekana kufundishwa kwa gharama ndogo, ziliipunguzia kampuni hiyo karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja. Uchumi wote wa Uganda kwa mwaka mzima haufiki hata robo ya kiasi hicho.

TSMC ilianzishwa mwaka 1987 na Morris Chang, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Texas Instruments. Wazo lake lilikuwa rahisi na watu wa fani waliliona la ajabu: kampuni ya kuchonga chipu za wengine bila kuwa na chipu yake. Kwa kuwa haishindani na wateja wake, wote wanaweza kuiamini. Apple, Nvidia, AMD, Qualcomm na MediaTek wanapigana nje, kisha wanapanga foleni kwenye lango moja. Kunguru huyo naye ana mzigo wake, kwani amekaa kwenye kisiwa ambacho China inakidai kuwa chake, na mashine za kuchongea chipu za kisasa kabisa anazinunua kwa kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Mwekezaji makini hufuata mnyororo huo hadi afike kwa yule asiye na mbadala.

Kampala inaingiaje katika habari hii? Kwanza inaingia kama mlipaji. Chipu za kumbukumbu ni mfano mzuri. Zamani watengenezaji walikuwa wengi na bei ilikuwa ya kutupa. Qimonda ya Ujerumani ikafilisika mwaka 2009, Elpida ya Japani ikafuata mwaka 2012 na kununuliwa na Micron. Leo soko karibu lote liko mikononi mwa Samsung na SK hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani. Nusu ya pili ya 2025 kampuni hizo zilielekeza viwanda vyao kwenye kumbukumbu za kompyuta za akili mnemba zenye faida nono, na bei ya kumbukumbu za kawaida ikapaa. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana kabisa na Crucial, chapa yake ya kuwauzia wateja wa kawaida.

Simu ya bei nafuu ndiyo inayoumia zaidi na mabadiliko hayo, kwa kuwa kumbukumbu ni sehemu kubwa ya gharama yake na faida yake ni nyembamba. Transsion ya Shenzhen, mwenye Tecno, Itel na Infinix, ilikuwa imeshabanwa hata kabla bei ya kumbukumbu haijapaa, kwani faida yake ya nusu ya kwanza ya 2025 ilishuka kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Kampuni hiyo imeorodheshwa Shanghai tangu Septemba 2019. Mganda ni mteja wake mkubwa. Kuwa mwenye hisa wake ni habari nyingine.

Na si Transsion pekee. Fedha nyingi za akiba za Waganda zimekusanyika katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambao mali yake imepita shilingi trilioni 20. Mfuko huo huwekeza ndani ya Afrika Mashariki, na sehemu kubwa kabisa ya pesa zake imo katika hati fungani za serikali. Kuna busara katika tahadhari hiyo, kwani mstaafu wa Mbale hapaswi kupoteza akiba yake kwa sababu ya programu iliyozinduliwa China. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba Mganda anaichangia biashara ya chipu kila anaponunua simu, na gawio lake linaliwa kwingine. Kiu ya kumiliki kipande cha teknolojia ipo, na matapeli wameiona. Dunamiscoins, iliyowaahidi watu utajiri wa sarafu za kidijitali, ilifunga ofisi zake Desemba 2019 na kuwaacha maelfu wakililia akiba zao. Mlango halali ukiwa mwembamba, watu hupitia dirishani.

Mlango halali uliopo uko Nakawa, kwenye soko la hisa la Uganda, USE. Hapo ndipo panzi wawili wa Kampala walipouzwa.

MTN ilianza kazi Uganda Oktoba 1998. Airtel ni mrithi wa Celtel, iliyotangulia mwaka 1995, ikageuka Zain, kisha ikawa Airtel mwaka 2010. Katikati walipita wengine. Warid iliwafurahisha vijana kwa Pakalast, kifurushi cha kupiga simu bila kuhesabu dakika, ikanunuliwa na Airtel mwaka 2013. Orange iliuza biashara yake kwa Africell mwaka 2014, na Africell ikafunga virago Oktoba 2021. Kila mmoja wao alishusha bei ili apate wateja, wateja wakanufaika, na mmoja baada ya mwingine akaondoka. Wamebaki wawili wanaogawana karibu soko lote.

Leseni mpya za mawasiliano ziliwataka wauze asilimia 20 ya hisa zao Kampala. MTN iliuza yake mwishoni mwa 2021 kwa shilingi 200 kwa hisa na kuorodheshwa tarehe 6 Desemba. Zaidi ya watu 21,000 walinunua, wengi kwa simu, na shilingi bilioni 535 zikapatikana. Hata hivyo hisa zilizonunuliwa zilikuwa karibu asilimia 13 ya kampuni, si 20. Zilizobaki ziliuzwa mwaka 2024 kwa shilingi 170, yaani aliyewahi alilipa zaidi ya aliyechelewa. Airtel ilifuata mwaka 2023 kwa shilingi 100 kwa hisa. Ilitoa hisa bilioni 8, zikanunuliwa asilimia 54 tu, na sehemu kubwa mno ya hizo ilichukuliwa na NSSF. Iliorodheshwa tarehe 7 Novemba, na haikuchukua muda bei yake ikashuka chini ya ile shilingi 100. Ya MTN ilisuasua kwa miaka miwili, kisha kufikia 2025 ikawa imepanda kupita 200.

Kwa nini kampuni mbili zinazouza karibu kitu kilekile, kwa wateja walewale, katika mji uleule, ziwape wenye hisa matokeo tofauti hivyo? Sababu ziko nyingi, na mojawapo ni hati fungani za serikali, ambazo zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka kwa zile za miaka kumi na kuifanya hisa yoyote ionekane kama bahati nasibu. Ila kuna moja ambayo ingeonekana mapema kama wanunuzi wangeuliza pesa inapita wapi. MTN ilianzisha huduma yake ya pesa kwa simu Machi 2009, na iliingia sokoni ikiwa na MoMo ndani yake. Airtel Money inaendeshwa na kampuni dada, Airtel Mobile Commerce Uganda, ambayo haikuwemo katika kampuni iliyouzwa kwa umma. Aliyenunua hisa ya Airtel Uganda alinunua mtandao wa kupiga simu na intaneti, sehemu ya biashara ambayo ushindani wa bei unaitafuna kila siku. Kibanda cha rangi nyekundu na nyeupe pale Wandegeya, mteja anapotolea pesa za karo, hakikuwa sehemu ya alichonunua.

Wakenya walishalipitia somo hili kwa ukali zaidi. Safaricom iliorodheshwa Nairobi Juni 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na wananchi waliomba hisa mara tano zaidi ya zilizokuwepo. Agosti 2010 Zain ikapunguza gharama ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, Safaricom ikalazimika kufuata, na vita vya bei vikawaka. Kufikia mwisho wa 2011 hisa ya Safaricom ilikuwa chini ya shilingi 3. Wengi waliokopa ili wanunue waliuza kwa hasara na kuapa kutorudi sokoni. Aliyevumilia aliona hisa hiyohiyo ikipita shilingi 40 mwaka 2021, na kilichoipandisha zaidi ni M-Pesa, huduma yake ya pesa kwa simu, ambayo wapinzani hawakuweza kuipiku kwa kushusha bei ya dakika.

Sasa turudi kwa kunguru. Simu ya MTN na simu ya Airtel zote zinahitaji mnara. Zamani kila kampuni ilijenga minara yake. Desemba 2011 MTN ilikubaliana na American Tower ya Marekani kuipeleka minara yake ya Uganda kwenye kampuni ya ubia, ATC Uganda, na mwaka 2020 ikauza hisa zake zilizobaki katika ubia huo. Airtel iliiuzia minara Eaton Towers. Mwisho wa 2019 American Tower ikainunua Eaton Towers yenyewe kwa dola bilioni 1.85, pamoja na minara yake ya Uganda. Matokeo ni kwamba MTN na Airtel, wanaogombana kwa mabango na vifurushi kila kona ya Kampala, wanalipa kodi ya minara kwa mwenye nyumba mmoja, ambaye hisa zake zinauzwa New York. Mteja akihama kutoka laini ya njano ya MTN kwenda nyekundu ya Airtel, mwenye nyumba hapotezi kitu.

Kifedha, uamuzi wa kuuza minara ulikuwa na mantiki, kwa sababu mitaji ilihitajika kupanua mtandao na kushirikiana minara kunapunguza gharama. Kosa lililopo ni la wale waliopanga namna wananchi watakavyoshiriki. Waganda walialikwa kununua kampuni zilizokwisha kuuza mali yao tulivu kuliko zote, wakaachiwa ile inayoshambuliwa na ushindani. Vituo vya data vinafuata njia hiyohiyo. Raxio ilifungua chake Namanve mwaka 2021, na benki, kampuni za simu na wauza intaneti wanaweza kupanga humo kompyuta zao zote, zikiwa na chipu za Intel au za AMD, bila mwenye kituo kujali ni zipi. Hisa za Raxio haziuzwi Nakawa. Cassava Technologies ya Strive Masiyiwa ilipotangaza mwaka 2025 kuleta chipu za Nvidia Afrika, ilitaja Afrika Kusini kwanza, kisha Misri, Kenya, Moroko na Nigeria. Uganda haikutajwa, na soko lenye kampuni chache namna hii halina la kumvutia atakayekuja baadaye.

Msomaji wa Kampala ana haki ya kuleta mfano wa Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme, ili kupinga hoja hii. Umeme ililipwa na kila mtu: MTN, Airtel, Raxio, kinyozi na kanisa. Haikuwa na mpinzani sokoni. Iliorodheshwa Novemba 2012 kwa shilingi 275, na NSSF ikawa mwenye hisa mkubwa kwa karibu asilimia 23. Lakini mkataba wake wa miaka 20 uliisha tarehe 31 Machi 2025, serikali ikachukua usambazaji wa umeme, ikalipa dola milioni 118, na Umeme ikadai milioni 292. Mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Kulipwa na wote hakutoshi, basi, ikiwa kinachokulinda ni karatasi yenye tarehe ya mwisho. TSMC inalindwa na ujuzi ambao hakuna aliyeweza kuuiga kwa kiwango chake. Minara inalindwa na ardhi, nondo na mikataba mirefu. Umeme ililindwa na leseni. Leseni ya MTN nayo inafika hadi 2032, na ni ajabu jinsi tarehe hiyo inavyotajwa mara chache katika mazungumzo ya wenye hisa.

Kuna watakaosema soko la Kampala ni dogo mno kubeba kampuni ya minara, na kwamba Airtel ilikosa wanunuzi. Airtel ilikosa wanunuzi kwa sababu watu walikuwa bado wanauguza bei ya MTN, na kwa sababu kilichouzwa hakikuwa na kipande kitamu. Mali inayolipwa kodi kila mwezi na wapangaji wawili wakubwa ni kitu ambacho mwenye akiba ndogo anakielewa mara moja, maana Kampala nzima imejengwa kwa pesa za watu waliojenga nyumba za kupangisha. Shinikizo lililowaleta MTN na Airtel sokoni lifike kwenye minara, nyaya na vituo vya data. Ikishindikana kwa hisa, ianze na hati fungani za kampuni zenyewe kwa shilingi za Uganda, ili minara ya Uganda ikopeshwe na Waganda. NSSF, yenye mtaji wa kutosha kukaa mezani na American Tower au Raxio, haina haja ya kusubiri toleo la umma ili kuomba sehemu.

Mwenye hisa mdogo naye ana kazi ya kufanya, na mahali pa kuifanyia ni mkutano mkuu wa mwaka, ambako wengi hawaingii hata unapofanyika mtandaoni. Aulize kampuni yake inalipa kiasi gani kwa mwaka kwa kodi ya minara, mkataba unaisha lini, unapanda kwa kipimo gani, na kama unafuata dola au shilingi. Mwenye hisa wa Airtel aulize kampuni yake inapata nini kila wakala wa Airtel Money anapotumia mtandao wake. Mwenye hisa wa MTN ana swali la dharura zaidi. Julai 2025 wanahisa waliidhinisha mpango wa kuitenganisha MoMo na biashara ya simu. Wale waliolipa shilingi 200 mwaka 2021 walilipia vyote viwili. Kabla MoMo haijasimama peke yake, wanapaswa kupewa kwa maandishi, kwa lugha wanayoisoma, idadi ya hisa watakazokuwa nazo katika kampuni mpya, nani atakayezishikilia kwa niaba yao, na tarehe ambayo wataweza kuziuza Nakawa.